Mzungu mwenye cheo kama changu analipwa maradufu, na mkutanoni mimi ndiye wa kuleta chai. Nijibu vipi?

#1 Njeri_Donholm
Hamjambo wadau. Nina jambo linaninyima usingizi.

Mimi ni mhasibu kwa kampuni moja Westlands, wenyewe ni wageni. CPA nilimaliza zamani. Mwaka jana walimleta mwenzetu kutoka kwao, mzungu, tukapewa cheo kimoja na kazi moja. Mambo ya iTax (kodi), NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) nilimwonyesha mimi. Majuzi mtu wa HR akatuma jedwali la mishahara kwa idara nzima kwa bahati mbaya. Alilifuta haraka lakini tulikuwa tumeshaona. Jamaa anapata zaidi ya maradufu yangu.

Halafu kuna mikutano ya Jumatatu. Mezani mwanamke ni mimi peke yangu. Kila wiki ni "Njeri, hebu tusaidie na chai," na kumbukumbu za mkutano niandike mimi, ingawa kuna mama ameajiriwa kwa kazi ya jikoni. Yule mwenzangu hajawahi kuambiwa hata asogeze kikombe.

Nilipomuuliza HR, alisema yule ni wa makao makuu nisijilinganishe naye, na kuhusu chai nisiwe mtu wa kukasirishwa na mambo madogo. Sasa nauliza: hii ni rangi, ni uanamke, ama ni mkataba tu? Na nikisema neno, niseme vipi nisije nikajikuta nje? Nina watu wanaonitegemea.

#2 Otis_Kayole
Pole sana dada. Hiyo ni rangi, hakuna jina lingine. Nimefanya mjengo chini ya wageni. Wao walikula ndani kwenye kontena lenye feni, sisi fundi na vibarua tulikula juani kando ya kokoto. Vyoo pia vilikuwa tofauti. Mnakumbuka 2018 gazeti la The Standard lilivyoandika kuhusu ubaguzi dhidi ya wafanyakazi Wakenya wa reli ya SGR? Watu walishangaa, sisi wa mjengo tulisema hiyo tunaijua.

#3 Chege_Hesabu
Tusikimbilie rangi. Mtu akitolewa kwao huongezewa marupurupu ya kuhama, nyumba, karo na tiketi. Mkenya akipelekwa Juba na benki ya hapa naye hulipwa kuliko mwenyeji aliye dawati la pili. Mimi nimepelekwa, nimelipwa hivyo, na mimi ni mweusi kama wale niliowakuta. Huo ni mfumo wa mikataba.

#4 Akinyi_K
@Chege na chai nayo ni mfumo wa mikataba?

Tutenganishe mambo. Marupurupu ya kuhama yanaeleweka. Swali ni mshahara wa msingi. Njeri, kwenye lile jedwali uliona safu ya msingi peke yake ama jumla? Kama msingi ni sawa na tofauti ni nyumba na tiketi, Chege ana hoja. Kama msingi wenyewe ndio umepishana, basi mtu aliketi akaamua kichwa cha Njeri kina bei nusu.

#5 Wakili_Jogoo_Road
Niweke sheria mezani, halafu mbishane.

Katiba ya 2010, Ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi: rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, kabila, ulemavu, dini, hata mavazi na lugha. Kifungu kidogo cha 5 kinamfunga mtu yeyote, si serikali pekee. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inarudia mengi ya hayo kwa mwajiri na inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Angalieni maneno hayo, *thamani sawa*. Hata vyeo vikipewa majina tofauti, mahakama inaweza kuuliza kazi yenyewe ni ipi.

Na Njeri huhitaji kuchagua kati ya rangi na uanamke. Unaweza kudai yote mawili katika lalamiko moja.

#6 Karani_Ngara
Wakili sheria ni tamu kwenye karatasi. Mlalamishi ndiye wa kuthibitisha ubaguzi, na utauthibitisha na nini? Hakuna bosi anaandika "tunakulipa kidogo kwa sababu wewe ni mweusi."

#7 Wakili_Jogoo_Road
@Karani hapo umekosea, na wengi hukosea hapo. Kifungu hichohicho cha 5 kinasema mwajiri ndiye atakayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba ubaguzi haukutokea. Ni kweli huwezi kuingia mikono mitupu. Lazima uweke msingi: huyu hapa, kazi hii, mshahara huu, na mimi hapa. Ukishaweka hayo, mwajiri ndiye wa kueleza tofauti imetoka wapi.

Someni kesi ya Ol Pejeta. Meneja Mwafrika katika ranchi ya Laikipia alidai analipwa chini kuliko mameneja wazungu. Ilifika Mahakama ya Rufaa, ikaamuliwa 2017. Wengi wanaotetea kesi za mshahara na rangi nchini huitaja.

#8 Chege_Hesabu
Naikubali sheria. Nasema tu si kila tofauti ni ubaguzi. Uzoefu, shahada, soko la kwao, hayo yote mwajiri atayataja.

#9 Akinyi_K
Atayataja, na aulizwe kila moja. Uzoefu wa miaka mingapi? Shahada gani ambayo Njeri hana? Na kama uzoefu wake ni mkubwa hivyo, mbona alifundishwa kazi na Njeri?

#10 Zuhura_Majengo
Mimi niseme la wanawake maana naona uzi unaelekea kwa rangi peke yake. Mara ya mwisho nikiitwa mahojiano ya kazi, mtaa wa viwanda, bosi alikuwa Mkenya mweusi kama mimi, mtu wa heshima na tai. Swali la kwanza: umeolewa? La pili: unapanga kuzaa lini? Wanaume waliokuwa kwenye foleni niliwauliza, hakuna aliyeulizwa. Kazi sikupata. Nikajiuliza nitalalamika nikiwa nani na hata sijaajiriwa?

#11 Wakili_Jogoo_Road
Bi Zuhura, kifungu cha 5 kinamtaja pia anayetafuta kazi. Hata kabla ya kuajiriwa unalindwa. Ujauzito umeandikwa humo wazi, na hali ya ndoa imo kwenye Ibara ya 27 ya Katiba. Na ukiajiriwa, kifungu cha 29 kinakupa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili na kurudi kwenye kazi yako.

#12 Mama_Tee_Githurai
Kurudi kwenye kazi yako! Mimi nilirudi nikakuta meza yangu ina mtu. Nikapewa cheo kipya kisicho na kazi, kisha wakasema nafasi hiyo imeondolewa kwa sababu biashara imeshuka. Kumbe ilishuka kwangu tu, maana yule aliyekalia meza yangu aliongezwa mshahara. Bado jambo hili linanichoma.

#13 Mzee_Viwandani
Mama Tee, hiyo nimeiona mara nyingi nikiwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kumpunguza mtu kazi kuna kanuni zake, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira. Notisi isiyopungua mwezi mmoja, afisa wa leba aarifiwe, waeleze ni kwa nini wewe na si mwingine, halafu kiinua mgongo kisichopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliofanya. Wakiruka hatua hizo, hilo neno "biashara imeshuka" haliwasaidii.

Vijana, kosa lenu la ofisini ni kwenda peke yenu. Sisi kiwandani tulikuwa tukiingia kwa meneja watu watano na karatasi. Mtu mmoja ana tabia mbaya, watu watano wana lalamiko. Njeri, tafuta wengine kwanza. Hauko peke yako kwenye lile jedwali.

#14 Karani_Ngara
Mzee, ofisini chama kiko wapi? Ukitaja chama Westlands wanakutazama kama umeleta mbuzi kwa lifti 😀

#15 Mzee_Viwandani
Basi mpeleke huyo mbuzi hadi juu, kijana wangu. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, awe na tai ama ovaroli.

#16 Otis_Kayole
Tuwe wakweli pia. Kwa Mhindi ndiyo mbaya zaidi. Kazi nzuri ni za ndugu zao, sisi ni kubeba.

#17 Fatuma_Ngara
@Otis hapana, usitupake wote rangi moja kwenye uzi wa kukataa ubaguzi. Mimi nimefanya kwa duka la vifaa Ngara, bosi Mhindi, alinisomesha CPA kwa pesa yake na keshia mkuu ni Mkamba. Kuna wabaya, wapo. Taja tendo, usitaje jamii nzima. Ukienda kwa kamishna na lalamiko la "Wahindi wako hivi," umelipoteza hapo hapo.

#18 Otis_Kayole
Nimekusikia Fatuma. Nitasema yule wa kwangu.

#19 Kiprono_Langata
Na ukabila je? Mbona ofisi zetu wenyewe, bosi Mkenya, ukiingia idara moja salamu zote ni za lugha moja? Huko mzungu hayuko. Nenda NGEC, ile tume ya usawa, uwaambie hayo.

#20 Wakili_Jogoo_Road
Rekebisho dogo Kiprono. Mambo ya kabila, rangi na asili ni ya NCIC, tume ya utangamano iliyoundwa na Sheria ya Utangamano ya 2008. Sheria hiyo ndiyo inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. NGEC ni ya usawa wa jinsia na makundi yaliyotengwa. Njeri anaweza kupiga hodi kote kuwili kwa sababu mambo yake ni mawili. Tume husikiliza, huchunguza na kupatanisha. Ukitaka fidia, ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi pale Milimani.

#21 Kiprono_Langata
Sawa wakili. Lakini ile kanuni kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili si ingemsaidia Njeri? Mezani mwanamke ni mmoja.

#22 Akinyi_K
Hiyo ni ya vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, Ibara ya 27(8). Hata Bunge limeshindwa kuitimiza. Kampuni ya watu Westlands haitatikisika nayo.

#23 Mama_Tee_Githurai
Naomba niseme kitu ambacho huenda kikawaudhi. Humu ndani ni wangapi wana msichana wa kazi? Agizo la mishahara la 2022 liliweka 15,201.65 kwa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi. Wangapi walilipa? Wangapi wana kikombe chake tofauti, sahani yake tofauti? Otis alikula juani na akaumia. Kuna mtu anakula jikoni amesimama ndani ya nyumba zetu.

#24 Chege_Hesabu
Hiyo ni ya uzi mwingine Mama Tee.

#25 Fatuma_Ngara
Si ya uzi mwingine. Jikoni kwako ni mahali pa kazi pa mtu.

#26 Njeri_Donholm
Nimesoma yote, asanteni. @Akinyi safu ya msingi niliiona. Msingi wenyewe ndio umepishana, marupurupu yake yako safu nyingine. Shahada tunalingana. Jedwali nililipiga picha na simu. Je, nilitume kwa wenzangu ndipo tuende wengi kama Mzee anavyosema? Na mikutano nianze kuirekodi?

#27 Wakili_Jogoo_Road
Usilitume kwa mtu! Mle mna mishahara ya watu wengine, na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Utawapa sababu ya kukufuta wewe na kuacha hoja yako. Liweke. Kesi ikifika, mwajiri anatakiwa kutunza rekodi za ajira na anaweza kuagizwa kuzitoa. Sheria hiyo hiyo ya data inakupa wewe haki ya kuomba taarifa zako mwenyewe: tathmini zako, barua zako, kila walichoandika kukuhusu.

Kurekodi kwa siri mimi sipendi. Ibara ya 50(4) inaruhusu mahakama kukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu kama kuupokea kutaharibu usawa wa kesi.

#28 Karani_Ngara
Wakili, usipopendelea kurekodi basi mnyonge atumie nini? Mimi nilisimamishwa kazi kwa neno la bosi, na kilichoniokoa ni rekodi ya simu. Alipoisikia akabadilisha hadithi kabla hatujafika popote.

#29 Wakili_Jogoo_Road
Ilikuokoa kwenye mazungumzo, na nafurahi. Kortini ingebishaniwa. Na hata skrinishoti za WhatsApp hazipokelewi hivi hivi, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha kueleza zilivyopatikana na kifaa gani. Simu usiitupe wala kuibadilisha.

#30 Akinyi_K
Daftari, Njeri. Tarehe, saa, nani alisema nini, nani alikuwepo. Andika jioni ileile. Ukisubiri mwezi utaandika hasira yako badala ya maneno yao.

Na chai, ningejibu palepale, kwa upole na mbele ya wote: "Leo naomba mwenzangu atusaidie, mimi nawasilisha hesabu." Kisha nakaa kimya. Wacha ule ukimya uwasumbue wao.

#31 Zuhura_Majengo
Hilo la kujibu mbele ya watu linategemea bosi ni mtu gani. Wengine ukiwaaibisha hadharani wanakuwinda mwaka mzima. Mimi ningemfuata faraghani kwanza.

#32 Akinyi_K
Faraghani hakuna shahidi, Zuhura.

#33 Zuhura_Majengo
Na hadharani hakuna msamaha. Kila mtu amjue bosi wake.

#34 Mzee_Viwandani
Barua ndiyo itangulie. Fupi. Usiandike "mnanibagua." Uliza: vigezo vya mshahara wa cheo changu ni vipi, nani mwingine yuko kwenye cheo hicho, na tofauti inatokana na nini. Omba jibu kwa maandishi. Wakijibu, wamekupa ushahidi. Wakinyamaza, huo pia ni ushahidi. Nakala mpe mtu wa nyumbani, isibaki kwa kompyuta ya ofisi.

#35 Wakili_Jogoo_Road
Naunga mkono Mzee. Na wakikufuta kwa sababu umelalamika, kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kulalamika si sababu halali ya kumfuta mtu, isipokuwa lalamiko ni la kizembe lisilo na msingi. Wakikuita kwenye kikao cha nidhamu, kifungu cha 41 cha sheria hiyo, nenda na mfanyakazi mwenzako ama mtu wa chama. Usiende peke yako.

#36 Karani_Ngara
Muda wa kufungua kesi ni miaka 6, si ndiyo? Ana muda wa kufikiria.

#37 Wakili_Jogoo_Road
Miaka 3! Sita ni ya mikataba ya kawaida. Wengi wamefungiwa mlango hapo.

#38 Chege_Hesabu
Na kwa pesa, si fidia haizidi mishahara ya miezi 12? Ukitoa ya wakili hubaki nini?

#39 Wakili_Jogoo_Road
Miezi 12 ni kikomo cha kufutwa isivyo haki. Ubaguzi ni jeraha la peke yake na mahakama hutoa fidia yake kando. Asiye na pesa ya wakili aende FIDA, chama cha mawakili wanawake, kama ni mwanamke, ama Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria. Afisa wa leba pia halipishi.

#40 Achieng_aliyeshinda
Huwa nasoma tu humu, leo nimeingia kwa sababu ya Njeri. Mimi nilishtaki mwajiri, mambo ya jinsia, nikashinda. Ilichukua miaka. Katikati ya kesi nilikosa kazi tatu ambazo mahojiano yalienda vizuri, na nadhani simu zilipigwa ingawa siwezi kuapa. Wale waliokuwa marafiki ofisini walikataa kuwa mashahidi, na siwalaumu, wana kodi za kulipa. Pesa ilipotoka ililipa madeni. Binti yangu anajua mamake alisimama, na hilo silibadilishi na kitu. Lakini mtu asikwambie ni rahisi. Weka akiba kwanza. Tafuta kazi nyingine ukiwa bado ndani.

#41 Otis_Kayole
Heshima yako Achieng.

#42 Chege_Hesabu
Hiyo ndiyo hoja yangu kimsingi. Atafute kwingine, aondoke na barua nzuri. Mwajiri atabaki akihangaika kumfundisha mwingine.

#43 Akinyi_K
Na atakayeletwa baada ya Njeri atalipwa nusu hiyo hiyo na kuleta chai hiyo hiyo. Sikatai kuondoka, nakataa tuite kuondoka jibu.

#44 Njeri_Donholm
Leo nimeongea na wawili wa idara. Mmoja amekubali tuandike barua pamoja, wa pili anaogopa na nimemwelewa. Achieng, nimekutumia ujumbe wa faragha.

#45 Mlinzi_Zamu_Usiku
Samahani naingilia. Mimi ni mlinzi kwenye jumba la ofisi Upper Hill, nimeajiriwa na wakala. Msimamizi ametuagiza wageni weusi tuwakague mifuko na kuchukua vitambulisho, wazungu tuwapitishe na salamu. Mama mmoja, daktari, mweusi, alinililia pale langoni juzi. Nikikataa agizo naweza kufutwa? Na nani wa kulalamikiwa, wakala ama wenye jumba?

#46 Mzee_Viwandani
Usikatae kazi, kagua kila mtu. Mzungu akiuliza, mwambie ni utaratibu wa jumba. Hakuna anayeweza kukufuta kwa kukagua sana.

#47 Karani_Ngara
Mzee, atafutwa siku hiyo hiyo, mzungu mmoja akipiga simu ghorofa ya juu.

#48 Wakili_Jogoo_Road
Wakala ndiye mwajiri wako, barua mwandikie yeye. Wenye jumba nao wamefungwa na Ibara ya 27 kwa wanaoingia langoni, kwa hivyo nakala wapate. La kwanza kabisa: hilo agizo lilitolewa kwa mdomo ama limeandikwa?

#49 Mlinzi_Zamu_Usiku
Limeandikwa kwenye kitabu cha matukio cha lango, na sahihi ya msimamizi iko chini.

#50 Akinyi_K
Piga picha ya ukurasa mzima leo usiku, tarehe na sahihi zionekane, kabla hawajabadilisha kitabu.